Vijiti Vyako Viwili Havikufika Buseresere

Mwanangu Kuruthumu,

Nimeianza barua hii mara tatu leo, na mara zote tatu niliianza kwa maneno matamu ya baba anayemuaga mwanawe. Nimezichana. Nilipozisoma niliona kinyaa, kama mtu anayekuta unywele kwenye uji alioupika kwa mkono wake. Hii ya nne sitaipamba. Wewe mzima, mimi mzima, mama yako yuko uani anakukaangia maandazi ya safari. Salamu zinatosha hapo.

Ya basi, ya chumba utakachopanga Arusha, ya baridi ya huko na masweta, mama yako ameshayasema na kesho alfajiri atayarudia yote stendi. Mimi sina la kuongeza. Nimekaa dukani tangu niliporudi kuswali adhuhuri, nimeteremsha mlango nusu ili watu wadhani nimefunga, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka hili hapa Kahama nimeona jinsi lilivyo chafu. Sisemi vumbi.

Nataka kukueleza habari ya Masunga. Najua utasema unaijua. Unaijua nusu, na nusu hiyo unayoijua niliitengeneza mimi.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, uko kidato cha tatu, umerudi kutoka bwenini Shinyanga. Masunga aliingia dukani akitembea wima kama aliyebeba sinia la vyombo kichwani, hageuzi shingo. Alikuwa mchimbaji kule Geita mpaka siku duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomporomokea mgongoni. Daktari alimkataza kubeba hata ndoo ya maji. Alikuwa na kidogo alichokipata kabla ya ajali, na alikuwa ameshaamua la kufanya nacho: kompyuta moja ya gemu yenye nguvu hasa, na kioo kikubwa, akaiweke Buseresere, ambako Jumapili vijana wanateremka kutoka machimboni wakitafuta pa kukaa pasipo na pombe. Angeanzisha mashindano ya mpira wa kwenye kompyuta. Alilisema hilo kwa aibu, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kana kwamba anaomba ruhusa ya kucheza.

Mtu yule ukimpa jiwe analigeuza mara mbili, analilamba, anakwambia kama linafaa kupelekwa karasha likasagwe au ni kifusi cha kutupa. Ndani ya kompyuta hakuwa na macho. Macho ya huko alitukabidhi sisi.

Alikuwa ameona video kwenye simu, kwa hiyo alitaka RAM vijiti vinne, vyote vya taa. Wewe ulimvutia kiti. Nakumbuka ulivyomweleza, maana nilikuwa nimeinama nyuma ya kabati na nilijisikia fahari hadi nikasahau nilichokuwa natafuta. Ulimwambia RAM ndiyo kumbukumbu ambayo kompyuta inafanyia kazi ya sasa hivi, kama uwanja wa kuanikia mpunga. Ghala linaweza kuwa kubwa, lakini unachokigeuza kwa miguu ni kile tu kilichoanikwa. Uwanja ukiwa mdogo, kila saa unazoa na kuanika upya, na mchezo unakwama-kwama. Alicheka. Akasema kwao Didia mama yake alimpiga fimbo kwa sababu ya mpunga huo huo.

Ukaendelea. Ukamwambia vijiti viwili vya giga kumi na sita kila kimoja vitamtosha kabisa kwa gemu aliyoitaka. Ukamwambia avichukue vilivyotoka pakiti moja, vilivyopimwa pamoja kiwandani, maana vijiti vya kuokoteza mara nyingi havielewani. Kimoja peke yake kinaibana prosesa, ule ubongo wa mashine, kama mlango wa ubao mmoja watu wakiwa wengi. Vinne vinailemea bodi vinakochomekwa, na mara nyingi inalazimika kupunguza mwendo ili ivibebe. Ukamwonyesha pengo dogo kwenye meno ya kijiti, kwamba aina moja haiingii kwenye bodi ya aina nyingine hata uikandamize. Ukamwambia kasi iliyoandikwa kwenye boksi inakuwa imelala mpaka fundi aiamshe kwenye mipangilio. Na ukamwambia taa haziongezi hata chembe.

Masunga akasema taa anazitaka hata kama hazina kazi, maana vijana watavutwa na taa. Ukakubali. Basi chukua vya taa, ukasema, ila viwili, na kilichobaki tukiongeze kwenye kadi ya picha. Akakushukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, huyu binti asikilizwe."

"Atasikilizwa," nikasema.

Sasa nisikilize wewe. Viwandani wanatengeneza vijiti vya mapambo. Vina taa, vina koti zuri la bati, vinakaa kwenye bodi kama vijiti vingine, lakini ndani havina kitu. Anayevinunua kwa haki anajua ni urembo wa kujazia nafasi zilizo wazi. Mimi nilikuwa navyo viwili kabatini. Ulipoenda kumtembelea shangazi yako, nilimpigia Masunga nikamwambia nimempatia vinne kama alivyotaka mwanzo, vyote vya nguvu, kwa kuwa nimempenda. Nilitumia neno hilo. Viwili vilikuwa hayo mapambo. Viwili vingine nilivitoa kwenye kompyuta za ofisi zilizokufa, vidogo, vya mwendo wa pole. Nikabandua karatasi zake kwa thina, nikavivisha makoti yenye taa, nikabandika karatasi mpya zenye namba kubwa. Kisha nikaingia kwenye mipangilio nikavilazimisha vikimbie kasi ya uongo niliyovibandika.

Ilipowaka, ile mashine ilipendeza kama ukumbi wa harusi ya watu wasiopendana. Masunga alisimama mbele yake na kofia mkononi.

Usidhani nilianzia kwa Masunga. Mtu haanzi na kitu kikubwa hivyo. Miaka mingi nyuma, kabla hujazaliwa, karani mmoja aliniletea kompyuta ya ofisini nimfutie vumbi. Nilipoifungua nikakuta vijiti viwili. Nilikuwa na mashine nyingine mezani iliyohitaji kimoja. Nikakichukua. Nilikaa siku tatu nikisubiri arudi kunidai. Hakurudi. Baada ya wiki alikuja kunisifu kwamba mashine yake sasa ni safi. Siku ile nilijifunza jambo ambalo lingekuwa heri nisilijue maisha yangu yote: mtu hatafuti kilichopotea pale asipojua palikuwa na nini. Nikaligeuza kuwa ufundi. Kuna wenzangu hapa mjini tunakunywa nao chai, tunaelezana hizi habari na kucheka mpaka chai inatumwagikia. Nikikumbuka kile kicheko sasa hivi mdomo unanijaa mate, kama unavyojaa kabla ya kutapika.

Haikupita wiki mbili, Masunga akarudi. Alikuja kwa basi kutoka Buseresere, mashine ameifunga blanketi na kuipakata mapajani njia nzima, na mgongo ule. Akasema inaganda. Inacheza dakika kumi, inaganda, inajizima. Nikamwambia ni vumbi la kwenu. Nikamwambia na jenereta zenu hazina umeme mtulivu. Akaitikia kila neno kwa kichwa. Aliniomba radhi, Kuruthumu. Akaiacha, akaenda kulala kwa ndugu yake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilienda kuswali, nikakuacha dukani. Niliporudi nilikuta umeifungua. Vile vijiti viwili vya mapambo ulikuwa umevivua makoti, umevipanga mezani kwenye gazeti.

"Baba, hivi viwili havina kitu ndani."

Nilikuwa nimetoka msikitini dakika hiyo, udhu bado ninao. Nikakuangalia machoni nikakwambia na mimi nimeuziwa hivyo hivyo, kwamba wauzaji wa jumla siku hizi ni mashetani. Ukaniamini. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kulala mchana: uliniamini haraka sana, kwa huruma, ukaniwekea mkono begani. Ukasema maskini baba.

Ukauliza tumwambie vipi. Nikasema akijua atatutangaza mji mzima. Kisha ukaenda nyumbani, ukarudi na vijiti vyako.

Nataka ujue kwamba nilijua ni nini ulichokuwa umeshika. Ile kompyuta yako uliijenga kipande kwa kipande. Vijiti vile viwili ulivipata kwa likizo mbili za kukaa kwenye benchi la duka hili ukisafisha mashine za watu, na ulivichagua kwa wiki nzima, ukilinganisha, ukiniuliza, ukiniletea simu nisome. Vilikuwa pakiti moja, giga kumi na sita kila kimoja, kama ulivyomshauri yeye.

"Mpe hivi," ukasema. "Mimi nitasubiri."

Ukavitoa vyote vinne vya mwanzo, ukavifunga vyako mwenyewe. Ukaiwasha, ukaipima saa mbili nzima, haikuganda. Ukamwandikia Masunga kikaratasi kwa mwandiko wako wa shule, ukimweleza afungue ukurasa gani kuona RAM iliyomo na namba gani aikute, ukakibandika ndani ya kifuniko. Jumapili ukarudi bwenini.

Jumatatu asubuhi alikuja mteja mwingine, mhandisi wa migodini, anataka RAM nzuri leo leo, na dukani sina. Ningependa kukwambia nyumbani kulikuwa na njaa. Hakukuwa na njaa. Siku ile tulikula wali na samaki. Ningependa kukwambia nilishindana na nafsi yangu. Sikushindana. Nilifungua mashine ya Masunga, nikatoa vijiti vyako, nikavifunga kwenye ya yule mhandisi, na vile vya uongo nikavirudisha mahali pake. Kikaratasi chako nikakibandua, nikakikunja kidogo sana, nikakitupa kwenye kopo la takataka pamoja na maganda ya machungwa. Safari hii niliiteremsha kasi ili isigande upesi. Mchana Masunga alipokuja nikampa na brashi ndogo, nikamwambia aipanguse kila siku asubuhi, vumbi ndilo adui.

Hayo ndiyo niliyokuficha. Vijiti vyako havikufika Buseresere.

Mashindano aliyafanya mwezi wa nane. Niliyasikia kwa msafiri mmoja aliyetokea Chato, akiyasimulia dukani kama kichekesho. Vijana walijaa mpaka wengine wakachungulia dirishani. Ilifika fainali, machimbo mawili, kila upande na mashabiki wake. Mpira uko golini, kioo kikaganda. Kikazima. Kilipowaka tena mchezo wote umepotea. Wale waliokuwa wanakaribia kufunga wakasema Masunga amezima makusudi, amehongwa. Mwingine akasema na mashine yenyewe ni mazingaombwe, taa tupu. Wakampiga. Wakampiga mgongoni, Kuruthumu, mahali ambapo kila mtu Buseresere alijua hapapigwi.

Alinipigia simu siku ya pili. Mara tatu. Niliiacha ikaita hapa mezani, nikaitazama mpaka ikanyamaza.

Uliporudi Desemba jambo la kwanza uliloniuliza, hata begi hujaliweka chini, ni yule wa Buseresere anaendeleaje. Nikasema amefurahi sana. Ningeishia hapo ingetosha kuwa uongo. Mimi nikaongeza: anakusalimia. Nilikutungia salamu ya mtu aliyekuwa amelazwa kwa kipigo nilichomletea mimi. Ukatabasamu siku nzima. Kompyuta yako ilikaa zaidi ya mwaka na kijiti kimoja kibovu nilichokupa, inachukua muda mrefu kuwaka mpaka unaenda kuosha vyombo na kurudi. Hukulalamika hata siku moja. Nilikuwa nakupita pale mlangoni nikiona kile kioo cheusi na wewe umekaa unakingoja, nikaharakisha hatua.

Miaka minne imepita hivyo. Kisha Jumatano ya wiki iliyopita, tunakula mchana, ukatuambia umepata kazi kwenye duka la Arusha wanakojenga kompyuta za gemu. Mama yako akauliza wamekuchaguaje katika wote walioomba. Ukasema mwenye duka alikuuliza swali moja: kitu gani ulishawahi kukifanya katika kazi hii ambacho hukulazimishwa. Ukamweleza habari ya Masunga na vijiti vyako viwili. Ukasema, "Nikamwambia nimelelewa hivyo na baba yangu." Mama yako akafuta macho kwa mtandio. Nikainuka nikasema samaki ana mwiba. Nilienda msalani nikatapika kila kitu, nikashika ukuta, na niliponyanyua uso nikajiona kwenye kile kioo kidogo cha kunyolea. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule.

Sikukwambia siku ile. Nilifikiri nikimtafuta Masunga na kuyarekebisha mambo kimya kimya, basi ulichokisema Arusha kitageuka kuwa kweli kwa nyuma, na hakuna atakayehitaji kujua. Ndivyo ninavyofikiri mimi, mwanangu. Hata toba nilitaka kuichakachua.

Nilimpata kirahisi kwa namna ya aibu. Hayuko mbali. Yuko Isaka, hapo hapo, mwendo usiofika saa moja, anakaa getini bandari kavu anaandika namba za malori yanayoingia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipita Isaka. Jumamosi nilinunua vijiti viwili sawa kabisa na vile vyako, pakiti moja haijafunguliwa, nikaenda. Alinitambua. Akanipa shikamoo fundi, kwa heshima ile ile, nikashindwa kuiitikia. Akadhani sijasikia, akairudia.

Anapanga chumba nyuma ya reli. Mashine anayo bado. Hakuna aliyetaka kuinunua. Ilikuwa na jina baya. Ipo pembeni ya kitanda, na juu yake amefunika khanga safi. Nilipoifungua nikakuta ndani hakuna hata unyoya wa vumbi. Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia nikiwa nimechuchumaa, bisibisi mkononi, bila kumwangalia, kuanzia mapambo hadi kikaratasi chako.

Treni ya mizigo ilikuja, ikapita. Kisha akasema polepole:

"Mimi nilidhani ni mimi niliyeiharibu. Nilikuwa naipangusa kila asubuhi kwa ile brashi yako, kama mtoto. Walivyonipiga nikasema ni haki yangu, labda kuna siku nilisahau."

Niliiweka bisibisi sakafuni.

Akaniambia nifunge vijiti vipya. Nilivifunga wakati yeye amesimama mlangoni ameacha mlango wazi kabisa, jirani zake wakipita na kuchungulia. Nilipomaliza aliniondoa kwenye kiti, akakaa, akafungua mwenyewe ule ukurasa wa kuonyesha kilichomo ndani. Alikuwa ameshajifunza; nadhani baada ya kuumizwa hivyo mtu hujifunza. Akaisoma namba kwa sauti, thelathini na mbili. Akaisoma tena. Hakufurahi. Akazima.

"Binti yako anajua?"

"Hajui."

"Basi umekosea pa kuanzia," akasema. "Mimi uliniibia. Yeye ulimtumia."

Nilimwomba msamaha hapo na hakunipa. Hakuninyima pia kwa maneno. Alichukua daftari lake la malori, akasema zamu yake imefika. Ila nilipofika nje aliniita, akasema nikwambie namba yake ya simu ni ile ile ya zamani, na kwamba akiwa na jambo la kuuliza kuhusu mashine atamuuliza mtu aliyemwambia ukweli siku ya kwanza. Nilirudi Kahama nikiwa nimesimama kwenye basi ingawa viti vilikuwepo. Nilikuwa nimetegemea nitarudi mwepesi. Watu husema ukikiri unakuwa mwepesi. Labda hao walikuwa na dhambi ndogo.

Nimebaki na machache ya kukwambia, na si mawaidha, maana mdomo wa kutolea mawaidha sina. Huko uendako watakuletea vijiti. Siku hizi RAM nzuri imekuwa adimu, na kitu kikiwa adimu watu kama mimi tunazaliwa upya kila asubuhi. Kitakuja kikiwa kwenye boksi zuri, na mwenye duka au mwenzako atasema kiweke, mteja hataona. Hatakwambia kwa sauti ya mwizi. Atakwambia kwa upole, huku anakupa chai, kwa sababu amekuzoea. Mimi hakuna mtu mkali aliyenivuta kwenye uchafu huu. Wote walikuwa wacheshi. Kijiti ukikitilia shaka kivue koti mbele ya watu, uhesabu kilichomo. Hilo unalijua kuliko mimi. Nililoshindwa kulijua mimi ni kwamba kila aliyekaa mbele ya meza yangu asione kitu ndiye aliyenipa heshima kubwa kuliko wote, na mimi nilimwona mjinga.

Na swali la yule mwenye duka. Nimelifikiria sana. Ulichomjibu ni kweli. Kitu ulichokifanya ulikifanya. Mikono yangu haikuweza kukifuta, ingawa iliweza kukizuia kisifike. Uongo ni ule wa mwisho tu, kwamba umelelewa hivyo na baba yako. Sijui ulilelewa na nani, Kuruthumu. Nimewaza labda ni mama yako, ambaye haya yote hayajui bado, na nitamweleza mimi, kesho hiyo hiyo, wewe ukishaondoka, usije ukasafiri na kilio chake. Au labda ulijilea mwenyewe kwenye benchi lile, ukinitazama mimi na kuona mtu ambaye hakuwepo. Ukitaka kumrudia yule mwenye duka ukamsahihishia, msahihishie. Mtaje baba yako kwa alivyo.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, ndani ya bahasha wazi. Isome kabla hatujatoka, usiisome kwenye basi katikati ya watu wasiokujua. Mimi nitakuwa barazani. Ukitoka chumbani ukanipita bila shikamoo, nitabeba sanduku lako mpaka stendi. Ukinitukana, nitalibeba. Ukisema hutaki nikusindikize, nitalifikisha getini na kulikabidhi kwa mama yako, nami nitabaki hapo hapo mpaka nisikie basi limeondoka.

Baba yako